Tusiwapumzishe wazee mpaka washindwe kuinuka kitini

Mhariri,

Mwishoni mwa Februari mji wetu wa Moshi hujaa wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, na kwa wiki kadhaa mazungumzo ya mazoezi huwa ya kilomita tu: nani kakimbia 42, nani kaishia 21, nani kaenda zile 5 na watoto. Ni jambo jema. Lakini watu wa miaka 60, 65 na 70 hubaki na swali lao ambalo halijibiwi vizuri. Mtu akishakuwa mtu mzima, ahangaikie nini hasa? Pumzi? Kitambi? Kunyoosha viungo? Sisi tunaofanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya mwili kwa mazoezi, hapa Moshi tunaomba nafasi tulijibu kwa kirefu kidogo, maana jibu fupi la "fanya mazoezi" halimsaidii mzee kujua aanzie wapi.

Kwa maoni yetu, cha kwanza ni nguvu ya miguu, hasa ile inayokuja haraka: ya kuinuka kitini, ya kupanda daladala, ya kuudaka mwili unapojikwaa. Cha pili ni uwezo wa kusimama na kutembea bila kuyumba. Cha tatu ni pumzi. Mshiko wa mikono na ulaini wa viungo vinafuata nyuma. Kijana wa miaka 30 anaweza kuanza na pumzi na asidhurike. Ila kwa aliyevuka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee, kukazania pumzi na kuisahau miguu ni kuezeka nyumba ambayo kuta zake zina ufa.

Misuli huanza kupungua mtu akiwa na miaka 30 hivi, kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Nguvu hupotea haraka kuliko ukubwa wa misuli unavyoonyesha, kwa hiyo paja linaweza kuonekana bado limejaa na kumbe halina kazi. Kinachopotea haraka kuliko vyote ni ule uwezo wa kutoa nguvu ghafla, kwa sababu nyuzi za misuli zinazofanya kazi ya haraka ndizo zinazokonda zaidi uzeeni. Hii ndiyo sababu mzee anaweza kutembea polepole kutoka nyumbani hadi sokoni bila shida, lakini akijikwaa kwenye jiwe anaanguka. Hapo ana chini ya sekunde moja ya kupeleka mguu mbele. Mguu unafika, lakini umechelewa.

Kabla ya zoezi lolote, msomaji ajipime. Tafuta kiti cha mbao kisicho na mikono, kimo cha pa kukalia kiwe kama sentimita 43, yaani kiti cha kawaida cha mezani. Kiegemeze ukutani. Kiti cha plastiki hakifai: miguu yake hutanuka juu ya vigae na kuteleza na mtu wake. Kaa katikati ya kiti, nyayo zote mbili chini, mikono imepishana kifuani. Mwingine ashike simu ya kuhesabu sekunde. Kwa sekunde 30 inuka mpaka magoti yanyooke kabisa, kaa, inuka tena, na uhesabu mara ulizosimama kikamilifu. Ukisaidiwa na mikono, hesabu yako ni sifuri. Usione aibu kwa hiyo sifuri, maana ndiyo inayokuonyesha pa kuanzia.

Viwango vinavyotumika sana vilitokana na wazee wa Marekani. Umri wa miaka 60 hadi 64, mwanamke asiyefikisha mara 12 na mwanamume asiyefikisha 14 wako chini ya wastani. Miaka 70 hadi 74, ni 10 kwa mwanamke na 12 kwa mwanamume. Miaka 80 hadi 84, ni 9 na 10. Bibi wa Kibosho aliyebeba majani ya ng'ombe kichwani maisha yake yote anaweza kuvuka viwango hivyo bila kuhema, na mstaafu wa ofisini wa umri uleule asivifikie. Andika namba yako kwenye kalenda ya ukutani pamoja na tarehe, kisha upime tena baada ya wiki 8.

Kipimo cha pili ni cha mwendo. Pima mita 4 sakafuni, anza kutembea mita moja kabla ya alama ili uwe umeshachanganya mwendo, na uende mwendo wako wa kawaida, si wa kumridhisha anayetazama. Mita 4 zikichukua zaidi ya sekunde 5, miguu imeshaanza kuishiwa, hata kama mwenyewe husikii maumivu popote.

Habari njema ni kwamba zoezi lenyewe linafanana na kipimo. Kuinuka kitini ndiko kunakojenga misuli ya mapaja na makalio ambayo mzee huihitaji chooni, kanisani, msikitini na garini. Lakini watu wengi hulifanya vibaya, kisha wanalaumu magoti.

Vuta nyayo nyuma kidogo, visigino vikae chini ya magoti au nyuma yake kidogo. Kosa la kwanza liko hapa: nyayo zikiwa mbele, mwili haupati pa kuegemea, na mtu hujirusha. Inamisha kifua mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo usukume sakafu. Wazee wengi huogopa kuinama hivyo kwa kuhofia kuanguka kifudifudi, wakajaribu kuinuka wima kama nguzo. Haiwezekani, uzito bado uko nyuma. Magoti yatazame upande wa vidole vya miguu. Yakikutana katikati, nyonga ni dhaifu. Funga tyubu ya baiskeli iliyokatwa juu kidogo ya magoti na uisukume nje unapoinuka, utaona tofauti ndani ya wiki chache.

Inuka haraka, shuka taratibu. Kuinuka haraka kunafundisha zile nyuzi za ghafla tulizozitaja. Kushuka kwa kuhesabu moja hadi tatu au nne kunafundisha misuli kufunga breki, jambo ambalo mwili hulitumia kila unaposhuka ngazi au mteremko. Anayejibwaga kitini kama gunia amelipoteza nusu ya zoezi, na uti wa mgongo wake hupokea kishindo ambacho kwa mwenye mifupa iliyopungua madini si salama. Toa pumzi unapoinuka. Kubana pumzi hupandisha presha ghafla.

Kiasi ni hiki: mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, rudia mpaka zitimie seti 3, siku 2 au 3 kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Kipimo cha uzito sahihi ni kwamba zile mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Kama unamaliza 12 huku unapiga soga, hujengi kitu. Shika dumu la lita 3 kifuani, baadaye lita 5, au hamia kiti kifupi zaidi. Asiyeweza kuinuka hata mara moja bila mikono aongeze kimo cha kiti kwa kipande kigumu cha godoro, sentimita 10 au hata 15, kisha akipunguze kadiri wiki zinavyokwenda. Kosa kubwa kuliko yote, tena la watu wenye bidii, ni kubaki na mara 10 zilezile za kiti kilekile kwa miaka mitatu. Misuli ikishazoea mzigo haina sababu ya kukua.

Wapo wanaosema umri ukishafika 80 hakuna tena cha kujenga. Mwaka 1990 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti wa Boston uliowashirikisha wazee 10 wa wastani wa miaka 90 wanaoishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Walifanya mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8. Tisa walimaliza, na nguvu za mapaja yao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Walianzia chini mno, ndiyo maana asilimia ni kubwa hivyo, lakini mtu aliyeinuliwa na kuanza kuinuka mwenyewe haangalii hesabu ya asilimia.

Sasa tuseme jambo linalotusikitisha. Kila Desemba barabara za Machame, Marangu na Rombo hujaa magari ya watoto wanaorudi nyumbani. Wanamkuta mama yuko kihambani, shambani kwake kando ya nyumba, na jembe au panga, wanaona uchungu, wanamwambia: mama, umefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika. Analetwa msichana wa kazi, inanunuliwa sofa nene na fupi, inafungwa televisheni. Kila mtu amefanya hivyo kwa upendo. Desemba inayofuata mama anashika mikono ya sofa kwa nguvu zote, na Desemba ya tatu anainuliwa na watu wawili.

Mwili wa mzee hauwekewi akiba kwa kuupumzisha. Mwaka 2007, utafiti uliochapishwa katika JAMA hiyohiyo uliwalaza kitandani siku 10 wazee wenye afya njema. Ndani ya siku hizo 10 walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Fikiria sasa mzee aliyelazwa kwa nimonia au malaria wiki mbili, akarudishwa nyumbani na kuambiwa asiguse kitu mwezi mzima. Homa ikishatulia na daktari akisharuhusu, akae kitako pembeni ya kitanda, ale akiwa amekaa, ainuke mara 5 asubuhi, mara 5 mchana, mara 5 jioni, mtu akiwa kando yake.

Hatusemi mama aachiwe abebe mzigo mzima wa majani kwenye utelezi wa masika. Punguza mzigo, usiiondoe kazi. Mzigo mmoja uwe miwili midogo. Apande ngazi mbili za jikoni mwenyewe, afuate chai yake mwenyewe, amkamue ng'ombe kama anaweza. Msalimie shikamoo, mpokee kikapu, lakini asipoomba mkono wa kuinuka, mngoje ainuke. Na lile sofa lirekebishwe: pa kukalia pawe usawa wa goti au juu yake kidogo. Fundi seremala anaweza kuongeza miguu ya mbao ya sentimita 5 hadi 8 kwa muda mfupi, au uweke ubao chini ya mto ili mtu asizame. Kiti cha kuzama humlazimisha mtu ainuke huku magoti yakiwa juu ya nyonga, na hapo hata kijana hutumia mikono.

Tukija kwenye kuyumba, hapa wengi huchanganya mambo. Wanadhani anayetembea sana ana miguu imara isiyoyumba. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa wazee kwa takriban asilimia 23, lakini faida hiyo ilitokana hasa na mazoezi ya kusimama bila kuyumba na ya kuinuka na kukaa. Kwa kutembea peke yake ushahidi ni dhaifu. Kutembea kunafaa moyo na sukari, ila hakumfundishi mtu kusimama kwenye mguu mmoja, na kila hatua ya ngazi, kila kuvaa suruali, kila kuruka mfereji ni kusimama kwenye mguu mmoja.

Simama kwenye pembe ya chumba, kuta mbili ziwe nyuma yako na kiti kizito mbele. Ukiyumba nyuma ukuta unakupokea, ukiyumba mbele unashika kiti. Anza na nyayo zikigusana, sekunde 10. Ukiweza, sogeza mguu mmoja mbele kidogo mpaka kisigino chake kiguse kando ya kidole gumba cha mwingine. Kisha mguu mmoja mbele kabisa ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, kama anayetembea juu ya kamba. Mwisho, mguu mmoja. Usihamie hatua inayofuata kabla ya kutimiza sekunde 10 mara tatu mfululizo bila kushika kitu. Ukishindwa kusimama hivyo kisigino kwa vidole kwa sekunde 10, hatari yako ya kuanguka imepanda na unahitaji kuonwa na mtaalamu. Mwaka 2022 watafiti wa Brazil walitoa matokeo ya watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75: mtu mmoja kati ya watano alishindwa kusimama kwenye mguu mmoja kwa sekunde 10, na walioshindwa walikuwa na hatari ya kufariki iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 84 katika miaka waliyofuatiliwa. Mguu mmoja hauui mtu; unaonyesha hali ya mwili mzima.

Tofauti na mazoezi ya nguvu, haya ya kuyumba yafanywe karibu kila siku, dakika 10 hivi. Yanaingia vizuri kwenye shughuli: ukipiga mswaki, ukingoja maji ya chai yachemke. Ongeza kuinua visigino mara 10 hadi 15 ukiwa umeshika ukuta, kwa ajili ya vigimbi, halafu kuinua vidole huku visigino viko chini. Hili la pili linasahaulika sana, na ndilo linalomfanya mtu asiburute ncha ya kiatu. Mzee anayechakaza mbele ya kandambili zake anakuonyesha kuwa misuli ya mbele ya mguu imelegea.

Kandambili zenyewe ni adui. Vidole hulazimika kuzibana zisitoke, na hatua hufupika. Ndani ya nyumba vaa kiatu kinachofunga kisigino, chenye soli nyembamba isiyoteleza. Angalia pia kitenge kinachoburuta, vigae vya kibarazani vikilowa, mkeka uliokunjamana mlangoni, na njia ya giza ya kwenda choo cha nje. Kwenye choo cha kuchuchumaa, bomba la chuma lililofungwa ukutani kwenye kimo cha kiuno linagharimu kidogo sana ukilinganisha na nyonga iliyovunjika. Dawa za presha na za usingizi, hasa zikikutana na mbege ya jioni, huwaangusha wengi wakati wa kuamka usiku. Kaa pembeni ya kitanda dakika nzima, chezesha vifundo vya miguu mara 20, ndipo usimame.

Na kila mzee ajue kuinuka kutoka sakafuni, ajifunze kabla hajaanguka. Geuka ubavu, jisukume mpaka ukae kwa mikono na magoti, tambaa hadi kwenye kiti, weka mikono juu yake, leta mguu wenye nguvu mbele nyayo ikiwa chini, sukuma, geuka, ukae. Fanya hivyo juu ya godoro mara moja kwa wiki, mtu akiwepo. Wapo wanaoanguka bila kuvunjika chochote lakini wakalala chini saa nyingi kwa kutojua waanze na kiungo gani. Mwenye maumivu makali ya nyonga au mguu uliogeuka nje asiinuliwe. Huyo anasubiri gari.

Kuhusu pumzi tutasema machache kwa sababu yameshasemwa sana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya kasi ya wastani, na kwa wenye miaka 65 na zaidi linaongeza mazoezi ya kusimama bila kuyumba na ya nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Sehemu hiyo ya pili watu huiruka. Kasi ya wastani ni ile ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Sisi tuna bahati ya milima. Kutoka katikati ya Moshi kuelekea Shanty Town, au kutoka mjini Arusha kupandisha Ilboru, njia yenyewe ni zoezi la moyo, huhitaji kukimbia. Dakika 20 za kupanda, mara 4 kwa wiki, zina uzito kuliko saa nzima ya kuzunguka tambarare.

Ila kushuka ndiko kunakouma. Mapaja hufanya kazi ya breki, na siku ya pili hukakamaa. Anza na mteremko mfupi, piga hatua fupi, goti lisinyooke kabisa. Mwenye goti bovu atumie mkongojo, na hapa karibu kila mtu hukosea: mkongojo hushikwa upande wa mguu mzima, si wa mguu mbovu, na hupelekwa mbele pamoja na mguu mbovu. Urefu wake, ukiwa umesimama na mkono umening'inia, kichwa cha mkongojo kifike usawa wa mfupa wa kifundo cha mkono. Mrefu zaidi hupandisha bega, mfupi zaidi hukunja mgongo.

Mshiko wa mikono umesifiwa sana miaka ya karibuni kwa sababu unatabiri mengi. Utafiti wa nchi 17 uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2015, wenye watu karibu 140,000, ulionyesha kuwa kila kilo 5 za mshiko zinazopungua ziliendana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufariki. Lakini mshiko ni kioo cha mwili, hauwi dawa kwa kubonyeza mpira mbele ya televisheni. Beba madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, tembea mita 20, tua, rudia mara 4. Hapo umefanya mikono, mgongo na miguu kwa pamoja. Kunyoosha viungo kulenge zaidi vifundo vya miguu, nyonga na mabega: kifundo kigumu humzuia mtu kuchuchumaa na kushuka ngazi. Dakika 5 zinatosha, mwili ukiwa umepata joto.

Nyama haijengwi na hewa. Mzee anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72, labda kama ana ugonjwa wa figo, ambapo daktari ndiye atakayepanga. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, na gramu 100 za nyama iliyopikwa kama 25. Chai ya rangi na mkate asubuhi haina kitu. Mtori ni chakula kizuri sana, lakini katika nyumba nyingi nyama yake huenda kwa wageni na mzee hubaki na ndizi na mchuzi. Kama meno hayapo, nyama isagwe, dagaa zitwangwe ziingie kwenye mtori au loshoro, yaani mahindi na maziwa ya mgando. Makande yakiiva mpaka yakalainika, na kikombe cha mtindi pembeni, ni mlo wa mazoezi kamili.

Nani asianze leo? Mwenye presha ya 180 kwa 110 au zaidi, mpaka ishushwe. Mwenye maumivu ya kifua, pumzi inayokata akiwa amekaa, kizunguzungu kipya au mguu mmoja uliovimba ghafla aende hospitali kwanza. Mwenye kisukari anayetumia insulini asifanye mazoezi na njaa, awe na kitu kitamu mfukoni, na akague nyayo zake kila jioni. Mwenye magoti yanayosaga, kinyume na inavyoaminiwa, ndiye anayehitaji zaidi: misuli ya paja ndiyo inayolipunguzia goti mzigo. Kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, mpaka 3 au 4 endelea, mradi yatulie ndani ya siku moja. Goti likivimba au kupata joto siku ya pili, punguza idadi ya mara unazoinuka na uongeze kimo cha kiti. Ukakamavu wa misuli wa siku mbili si jeraha.

Ombi letu la mwisho, Mhariri, ni kwa wanaosimamia dirisha la wazee katika hospitali na vituo vyetu vya afya Kilimanjaro na Arusha. Mzee akifika hupimwa presha, uzito na pengine sukari. Kiti kipo pale, ukuta upo, na saa ipo. Apimwe pia sekunde 30 za kuinuka na kukaa, na namba iandikwe kwenye daftari lake karibu na presha, ili daktari wa mwezi ujao aone kama zile 9 zimekuwa 7 kabla mzee hajaanguka.

Wataalamu wa fiziotherapia,
Moshi